Kuchagua Kaliba ya Bunduki kwa Sungura na Mbweha katika Mashamba ya Uingereza

Mkulima wa kondoo nchini Uingereza anaposema kwamba sungura na mbweha wamemzidi, anataja wanyama wawili wasiofanana karibu kwa lolote. Sungura wake si yule mjanja wa hadithi zetu, anayelala juu ya ardhi na kutegemea mbio. Huyu huchimba mashimo, huishi kwa makundi, ana uzito wa kilo moja na nusu hivi, na hathubutu kwenda mbali na tundu lake. Mbweha naye si yule wa mgongo mweusi anayeonekana Serengeti, bali ni mbweha mwekundu, mwenye kilo tano hadi nane, anayetembea usiku na kuitambua harufu ya binadamu kutoka mbali. Wa kwanza hula majani ya kondoo na machipukizi ya ngano; wa pili huchukua wanakondoo wachanga majira ya kuzaa, na kuku mwaka mzima. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa anayenunua bunduki yake ya kwanza ni kutafuta kaliba moja itakayowatosha wote wawili, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inalenga kumtoa katika wazo hilo.

Msomaji ninayemkusudia ni yule anayeishi au kufanya kazi mashambani Uingereza. Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, na Tanzania ina leseni na taratibu zake nyingine kabisa, kwa hiyo haya yasihamishiwe huko.

Kwanza, neno lenyewe. Kaliba ya bunduki ni upana wa tundu la mtutu, na kwa desturi ya Waingereza na Wamarekani hutajwa kwa sehemu za inchi. Kaliba ya .22 ni takriban milimita 5.6, ile ya .17 ni milimita 4.4 hivi, na ya .243 ni milimita 6.2. Namba hiyo peke yake, hata hivyo, humpotosha mgeni. Risasi za .22 LR (Long Rifle), .22 WMR (Winchester Magnum Rimfire), .22 Hornet, .223 Remington na .22-250 Remington zote zina upana unaokaribiana sana, lakini nguvu ya ya kwanza inapotoka mtutuni ni kama jouli 130, na ya mwisho ni zaidi ya jouli 2,200, yaani karibu mara kumi na saba. Kinachozitenganisha ni ukubwa wa ganda na kiasi cha baruti kilichomo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba anatumia "pointi ishirini na mbili", bado hajakuambia kitu; muulize jina lote.

Tofauti nyingine ya msingi ni mahali ilipo fataki, yaani kilipuzi kidogo kinachowasha baruti. Katika risasi ndogo kama .22 LR na .17 HMR (Hornady Magnum Rimfire), fataki imepakwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na nyundo ya bunduki hugonga ukingo huo. Ganda la namna hiyo lazima liwe jembamba ili lipondeke, na kwa sababu ni jembamba haliwezi kuhimili mgandamizo mkubwa. Katika risasi kubwa, kuanzia .22 Hornet kwenda juu, fataki ni kidonge kinachokaa katikati ya kitako, na ganda ni nene. Zile za ukingoni ni za bei nafuu na hazina kishindo kikubwa, lakini ganda lililokwisha kutumika halijazwi tena. Za katikati ni ghali, zina nguvu, na mwenye ujuzi na vifaa anaweza kujaza maganda yake upya.

Sheria nitaipitia kwa ufupi, ingawa ndiyo inayotangulia dukani. Chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1968, bunduki yoyote kati ya hizi huhitaji kibali cha polisi, ambacho hudumu miaka mitano, na kibali hicho hutaja kila bunduki kwa kaliba yake pamoja na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Hununui kwanza ukaomba baadaye. Unatakiwa kueleza sababu ya kila kaliba, kuonyesha kwamba una ruhusa ya mwenye shamba, na kuwa na kabati la chuma lililofungwa imara nyumbani. Mwombaji mpya mara nyingi huwekewa sharti la kupiga katika maeneo ambayo polisi wameyaona yanafaa kwa kaliba hiyo. Mwongozo wa serikali kwa polisi unaona kwamba risasi za .22 za fataki ya ukingoni kwa kawaida hazina nguvu ya kutosha kwa mbweha, isipokuwa kwa umbali mfupi na mikononi mwa mtu mzoefu. Nami sioni sababu ya kubishana nao.

Anza na ardhi, si na duka

Kabla ya kusoma jedwali lolote la mwendo wa risasi, tembea shambani mchana ukiwa na daftari. Andika sungura wanatokea wapi, ni hatua ngapi kutoka pale utakapokaa hadi kwenye mashimo yao, ardhi inapanda au inashuka, na njia za umma za waenda kwa miguu, ambazo mashamba mengi ya England yanazo, zinapita wapi. Kisha katika kila sehemu jiulize swali moja: nikikosa, au risasi ikimpita mnyama, itapokelewa na nini? Jibu linalokubalika ni udongo: kilima, tuta, au mteremko ulio nyuma ya mnyama. Ua wa vichaka si kipokezi, kwa sababu risasi hupita humo kama upepo. Mnyama aliyesimama ukingoni mwa kilima na anga nyuma yake hapigwi, awe mbweha aliyekula wanakondoo kumi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloamua kaliba zaidi ya nguvu. Shamba tambarare lenye mawe mengi na nyumba za majirani pande zote linaweza kukataa bunduki ambayo shamba la pili, lenye mabonde, lingeipokea bila wasiwasi. Katika ardhi tambarare unaweza kuisaidia hali kwa kupiga kutoka juu, kwa mfano ukiwa umesimama juu ya sehemu ya nyuma ya gari la wazi au umekaa kwenye kiti cha ngazi, ili risasi ielekee ardhini kwa pembe kali badala ya kusambaa juu ya majani.

Jambo la pili ni umbali wako wewe, si umbali wa bunduki. Shabaha safi kwa sungura ni kichwa, na sehemu inayomuua papo hapo haizidi duara la sentimita 2.5. Kwa mbweha ni kifua, ambako moyo na mapafu hukaa katika duara la sentimita 10 hivi. Chora maduara hayo kwenye karatasi, nenda mahali halali pa kufanyia mazoezi, na upige risasi tano ukiwa katika mkao ule ule utakaoutumia shambani: kwa magoti, kwa kuegemea fimbo, au juu ya boneti ya gari. Usipige ukiwa umekaa mezani na mfuko wa mchanga chini ya mtutu, kwa maana mbweha hatakuletea meza. Umbali wa mwisho ambao risasi zote tano huingia ndani ya duara ndio mpaka wako, na mara nyingi ni mfupi kuliko ulivyotarajia. Mtu ambaye mpaka wake kwa mbweha ni mita 120 hana haja na kaliba inayosifiwa kwa mita 300.

Sungura: kati ya .22 LR na .17 HMR

Risasi ya .22 LR imekuwepo tangu mwaka 1887, na kwa sungura wa jioni bado sijaona ya kuiondoa. Risasi ya uzito wa greni 40, yaani gramu 2.6, iliyotengenezwa kwenda chini ya mwendo wa sauti, hutoka kwa mita 320 hivi kwa sekunde. Kwa kuwa haiupiti mwendo wa sauti, haipasui hewa, na bunduki ikiwa na kizuia sauti kinachosikika ni mlio mdogo wa nyundo na sungura kuanguka majanini. Wenzake huinua masikio, husikiliza, kisha huendelea kula. Hilo ndilo jambo ambalo majedwali ya nguvu hayalionyeshi: mtu mtulivu anaweza kupata sungura watano au sita kutoka sehemu moja bila kuhama, ilhali bunduki yenye kishindo humpa mmoja na shamba tupu. Risasi zake ni za bei nafuu kuliko zote, kwa hiyo mtu hufanya mazoezi bila kuhesabu sarafu, na nyama haiharibiki.

Udhaifu wake ni miwili. Kwanza, huanguka haraka: darubini ya kulengea ikirekebishwa ili risasi itue palepale unapolenga kwa mita 50, kwenye mita 100 risasi itakuwa chini kwa takriban sentimita 20, na mtu akikosea kukadiria umbali kwa mita 15 tu atamjeruhi mnyama. Mpaka wa busara ni mita 60 hadi 70. Pili, na hili ni zito zaidi, risasi hii, iliyotengenezwa kwa metali laini ya risasi, nzito na ya polepole, ina sifa mbaya ya kudunda. Ikigusa ardhi ngumu au jiwe kwa pembe ndogo huruka tena ikiwa nzima, na yenyewe inaweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu. Udogo wake huwalaghai watu. Katika ardhi ya mawe, au kiangazi udongo ukiwa umekauka kama saruji, mimi huiacha kabatini.

Hapo ndipo .17 HMR inapoingia. Ililetwa sokoni na kampuni ya Hornady mwaka 2002, kwa kulibana shingo ganda la .22 WMR ili lishike kirisasi cha greni 17, gramu 1.1 tu, ambacho hutoka kwa karibu mita 777 kwa sekunde kikiwa na jouli 330 hivi. Kirisasi hicho chepesi chenye ncha ya plastiki huvunjika kikigusa kitu, kwa hiyo hatari ya kudunda ni ndogo kuliko ya .22 LR, japo haiondoki kabisa. Ukiirekebisha darubini kwa mita 100, unalenga palepale kuanzia mita 30 hadi 110 bila kukokotoa chochote, na hiyo ni raha kubwa kwa mtu anayekadiria umbali vibaya.

Lakini ina gharama zake. Kishindo chake hupasua hewa, na kizuia sauti hakiwezi kukizima chote, kwa kuwa sehemu ya mlio huo hutokana na risasi yenyewe kupita hewani. Sungura aliyepigwa kifuani hafai tena jikoni. Maganda yake nayo yana tabia ya kupasuka shingoni, hata wakati mwingine kabla hayajapigwa, kwa hiyo yakague unapoyatia kwenye magazini. Na upepo huionea: ule wa upande wa kilomita 16 kwa saa, ambao shambani huonekana ni wa kawaida tu, huisukuma sentimita 8 hadi 10 kwenye mita 100, na zaidi ya sentimita 20 kwenye mita 150. Kwa duara la sentimita 2.5, hesabu hiyo inajieleza.

Bunduki ya hewa iliyo chini ya futi-ratili 12, sawa na jouli 16, haihitaji kibali England na Wales, ingawa Scotland imeanza kuidai tangu mwisho wa 2016. Ndani ya mita 30 na kwa kichwa tu inatosha kwa sungura, na karibu na mazizi na mabati ndiyo pekee ninayoikubali. Kwa mbweha haifai hata kuizungumzia.

Mbweha: ambapo .223 inatosha

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama .17 HMR inaweza kumuua mbweha. Inaweza, na watu huifanyia hivyo. Ila niliwahi kumpiga mmoja kwa hiyo, mita 140 hivi, mwezi wa nne, upepo ukitoka kushoto. Nilijua upepo ulikuwepo na nilidhani nimeupa nafasi yake. Risasi ilimpata nyuma ya mbavu badala ya begani, akaingia kwenye ua, nasi tulimtafuta kwa taa hadi alfajiri ndipo tukampata akiwa bado hai. Tangu hapo kwangu .17 HMR kwa mbweha ni ya mita 80, hali ya hewa tulivu, mnyama akiwa amesimama ubavu wazi, na ikiwa masharti ya kibali yanaruhusu. Kinyume cha hapo namwacha aende. Kaka yake mkubwa, .22 WMR, hubeba risasi nzito zaidi na ana jouli 430 hivi, kwa hiyo ni mkarimu kidogo zaidi kwa umbali huo huo, lakini risasi zake huanguka haraka na madukani hazipatikani kwa wingi.

Kwa kazi ya mbweha inayofanywa kila msimu, pendekezo langu ni .223 Remington. Ni kaliba ya mwaka 1964, iliyotokana na utengenezaji wa risasi ya bunduki ya kijeshi ya Marekani, na kwa sababu hiyo risasi zake zinatengenezwa kila mahali na kwa bei inayovumilika. Risasi ya greni 55, gramu 3.6, hutoka kwa karibu mita 990 kwa sekunde ikiwa na jouli 1,700. Ikirekebishwa kwa mita 100, kwenye mita 200 itakuwa chini kwa sentimita 8 hivi tu, bado ndani au karibu sana na duara la kifua cha mbweha, na upepo uleule wa kilomita 16 kwa saa utaisogeza sentimita 10 hivi kwa umbali huo. Linganisha na hadithi yangu ya mita 140 na utaona pesa ya ziada inanunua nini. Bunduki hairudi nyuma kwa teke kali, hivyo mpigaji huendelea kumwona mnyama ndani ya darubini na kujua risasi imetua wapi, jambo la thamani kubwa usiku.

Chagua risasi nyepesi yenye ncha ya plastiki na ngozi laini ya nje, ile inayotengenezwa kwa wanyama wadogo waharibifu. Hufunguka ndani ya mbweha na kwa kawaida haitoki upande wa pili, na ikikosa huvunjika udongoni. Risasi ngumu ya kulengea shabaha, hata kama ni nafuu, hupita mnyama ikaacha tundu dogo na kuendelea na safari. Angalia pia mzunguko wa mifereji iliyo ndani ya mtutu: mtutu wenye mzunguko mmoja kwa kila inchi 12 huzituliza vizuri risasi hadi greni 55, lakini za greni 69 na kuendelea huyumba, wenye mzunguko mmoja kwa inchi 8 au 9 hukubali nzito pia. Muuzaji asiyejua mzunguko wa bunduki anayokuuzia si wa kumsikiliza kwa mengine.

.22 Hornet, yenye jouli elfu moja hivi, ni mzee mpole anayefaa shamba dogo lenye majirani wasiopenda kelele, kwa mbweha hadi mita 150. .222 Remington ya mwaka 1950 inakaribia .223 kwa kila kitu isipokuwa upatikanaji wa risasi. .204 Ruger na .22-250 ni za mwendo mkali sana, tambarare kama meza, na zina mashabiki wao, lakini .22-250 hula mtutu haraka na huamsha kijiji, na mtu ambaye mpaka wake ni mita 150 analipia mwendo ambao hatautumia kamwe.

.243 Winchester ina nafasi yake, ila kwa sababu moja mahususi: paa na kulungu. England na Wales, sheria inadai kaliba isiyopungua .240 na nguvu isiyopungua futi-ratili 1,700, sawa na jouli 2,300, kwa kulungu wengi; .223 inaruhusiwa kwa muntjac (kulungu mdogo) na kulungu wa maji wa China pekee. Kwa hiyo mwenye shamba lenye mbweha na kulungu wakubwa anaweza kueleza hoja ya .243, na katika maeneo ya wazi yenye upepo mwingi uzito wa risasi zake husaidia. Kwa asiye na kulungu, ni kishindo kikubwa, teke zaidi na risasi ghali kwa mnyama wa kilo saba.

Nikiwekwa mbele ya mtu mwenye shamba la kawaida la kondoo, lenye miteremko ya kupokelea risasi, ningemwambia aombe .22 LR na .223 katika ombi moja, aeleze kila moja ni ya mnyama gani, na akubali kwamba bunduki mbili za bei ya wastani humfaa kuliko moja ya kifahari iliyo katikati. Akiwa na uwezo wa moja tu, na sungura ndio wengi, basi .17 HMR, huku mbweha wa mbali akimwachia jirani mwenye silaha inayofaa.

Pesa iliyobaki iende kwenye darubini na risasi. Nunua boksi moja moja la aina tatu au nne, upige kila aina risasi tano kwenye karatasi moja kwa umbali wa mita 50 kwa .22 na mita 100 kwa nyingine, kwa sababu mitutu miwili ya kiwanda kimoja huweza kupenda risasi tofauti. Ukishaipata inayokusanyika vizuri, rudi dukani ununue za kutosha msimu mzima, kwa kadiri kibali kinavyoruhusu, zenye namba ileile ya toleo iliyochapwa kwenye boksi. Toleo likibadilika, irekebishe darubini upya kabla ya kwenda shambani.